Kabla ya Kununua Masta Silinda, Uulize Mguu

Mpwa wangu alishuka na gari lake bandarini Malindi, hapa Unguja, asubuhi ya Jumatatu, akalileta moja kwa moja gerejini kwangu Mwanakwerekwe kabla hata ya kwenda kumwamkia mama yake. Anashiriki mbio za magari za bara kwa mapenzi tu: Toyota Starlet ya zamani, pesa za mfukoni mwake, na rafiki yake ndiye msoma ramani. "Shikamoo mjomba. Breki zimekufa," akaniambia. "Pedi nimebadilisha, masta silinda nimebadilisha, upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki nimeutoa mara tatu. Zinakufa vilevile."

Nikamwambia akae kwanza. Masta silinda ni pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali, na si kipuri cha kubadilishwa kwa kubahatisha. Pesa nyingi ilikuwa imeshatumika, na hakuna aliyeuuliza mguu wake.

Neno "zimekufa" halimsaidii fundi. Pedali inayozama polepole huku mguu umetulia juu yake ni maradhi tofauti kabisa na pedali iliyolainika kama unakanyaga sponji. Pedali ngumu kama jiwe lakini gari halisimami ni jambo jengine tena. Na ipo ile inayoporomoka ghafla, ukiikanyaga mara ya pili inapanda na kushika kama haikuwa na lolote. Dereva akikueleza ni ipi kati ya hizo, umeshavuka nusu ya kazi hujashika spana. Kwa hiyo mimi humkalisha dereva ndani ya gari, injini imezimwa, namwambia afumbe macho, akanyage, kisha anieleze alivyohisi siku ile. Mguu unakumbuka mambo ambayo mdomo umeshayasahau.

Mpwa wangu akakumbuka kwamba pedali ilikwenda chini karibu na kapeti, akaikanyaga tena, ikapanda. Ilipanda yote au nusu? Hakuwa na hakika. Wapi? Mwisho wa hatua ya tatu ya mbio, baada ya breki kufanya kazi sana. Mimi niliposikia hilo "sana" nikakimbilia kwenye moto, na hapo nikakosea. Nitaeleza kosa lenyewe kwa urefu, kwa sababu moto ndio unaoua breki nyingi za mbio, na kila mwenye gari la kushindana anatakiwa aujue.

Chukua gari la kilo 1,000 pamoja na watu wake, linakwenda kilomita 108 kwa saa, yaani mita 30 kwa sekunde. Limebeba nishati ya kilojuli 450. Ukilisimamisha, karibu yote hiyo inageuka moto kwenye diski na ngoma, vile vyuma vya breki vinavyozunguka pamoja na tairi. Kwa hesabu za jikoni, ni moto unaotosha kuyatokosa maji ya bombani lita moja na nusu, na unauwasha kila unaposimama. Mwendo ukipungua nusu, nishati inabaki robo tu, ndiyo maana gari linalokwenda sokoni Darajani na kurudi linaweza kuishi na breki dhaifu miaka bila ya mwenyewe kujua. Sasa tuseme breki za mbele zinabeba asilimia 70 ya kazi, na diski zake mbili zina kilo 4 kila moja. Kusimama mara moja kunazipandisha nyuzi 85 hivi za Selsiasi. Simama mara tano mfululizo bila ya kuzipa nafasi ya kupoa, unapita nyuzi 400. Moto huo haukai kwenye diski. Unapita kwenye pedi, unaingia kwenye pistoni ya kalipa, yaani kile kishikio kinachozibana pedi kwenye diski, unayafikia mafuta.

Mafuta ya breki yamepangwa kwa madaraja ya DOT. DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, DOT 4 chini ya 230, DOT 5.1 chini ya 260. Lakini yote matatu yanakunywa maji kutoka hewani, kupitia kifuniko cha tangi na hata kupitia mipira ya breki inayopeleka mafuta kwenye tairi. Yakishakunywa kiasi cha asilimia 3.7, ambacho ndicho kipimo kinachotumika kwa mafuta yaliyochoka, DOT 3 inaruhusiwa kuchemka kwa nyuzi 140 tu, na DOT 4 kwa 155. Na sisi tunaishi kisiwani. Chumvi ukiiacha wazi jikoni wakati wa masika inageuka tope. Chupa ya mafuta ya breki iliyofunguliwa mwaka jana imepatwa na hilohilo, ila macho hayalioni. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa. Yakichemka, unakanyaga mapovu, na tairi halipati kitu. Usiku yanapoa, mvuke unarudi kuwa maji, asubuhi pedali iko juu, na mtu anasema gari limepona lenyewe.

Nilipofungua tangi la Starlet nikakuta mafuta yana rangi ya chai ya mkandaa. Basi, nikasema, huyu hapa mwizi wetu. Tukayamwaga yote, tukajaza DOT 5.1 kutoka chupa iliyofungwa, tukatoa upepo kuanzia tairi la mbali. (Nakuomba kwa dhati: usijaze mafuta ya injini wala ya usukani hata kidogo, hata ukiwa njiani usiku. Mipira ya ndani inavimba, na ukishafanya hivyo hakuna kusafisha, kila chenye mpira kinabadilishwa. Nimeshaziona kalipa nne, masta silinda na mipira yote vikitupwa kwa sababu ya kifuniko kimoja cha mafuta.)

Kwa majaribio tulikwenda kusini, kwenye shamba la jamaa yangu upande wa maweni. Njia ni yake, geti tukalifunga, na watoto wa jirani tukawaondosha kabla. Sijaribu breki za mbio kwenye barabara ya watu. Mpwa wangu akalikimbiza gari kwenye kipande kilichonyooka, akasimama kwa nguvu mara tano. Pedali haikushuka hata kidogo. Tukakaa kivulini, tukanywa madafu, diski zikapoa. Kisha nikapanda mimi kiti cha msoma ramani na tukapita kipande kibovu, pale jiwe la matumbawe linapochomoza juu ya udongo, na mwisho wake kuna kona ya kulia.

Nilikuwa naangalia mguu wake, siangalii njia. Ulikwenda mara moja, ukazama mpaka chini, ukarudi na kukanyaga tena haraka, gari likashika. Ameshazoea kufanya hivyo mpaka hajijui.

Nikamwambia asimame, nikashuka na kipimajoto cha mwanga, nikakielekeza kwenye diski ya mbele kulia. Nyuzi 95. Kwa nyuzi 95 hakuna mafuta yoyote ya breki yanayochemka. Sasa msoma ramani, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema neno lililokuwa na thamani kuliko vipuri vyote vilivyokwisha kununuliwa: "Ami, hata kule bara haikuwa baada ya mteremko. Kila mara ilikuwa baada ya mawe."

Breki ya diski haina springi ya kuirudisha pistoni. Ukiachia pedali, mpira wa mraba unaoizunguka pistoni ndani ya kalipa, uliokuwa umepinda kidogo, unajinyoosha na kuivuta nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Ndiyo nafasi yote iliyopo kati ya pedi na diski. Kitu kikiisukuma pistoni zaidi ya hapo, mguu wako ndio utakaolipa. Piga hesabu: pistoni ya kipenyo cha milimita 51, masta silinda ya milimita 20, na wenzo wa pedali unaozidisha mara nne. Pistoni ikirudishwa nyuma nusu milimita tu, pedali inakwenda bure milimita 13. Nusu milimita hiyohiyo ikitokea pande zote mbili, pedali imeshapoteza zaidi ya sentimita mbili na nusu kabla pedi haijagusa diski. Kanyago la kwanza linajaza nafasi hiyo, la pili ndilo linaloshika. Kwa dereva anayeingia kwenye kona, hilo la pili linaweza kuja wakati ameshafika kwenye mti.

Kinachosukuma ni diski yenyewe, ikicheza kwa sababu beringi ya tairi imelegea. Gari likipigwa na mawe tairi linayumba, diski inayumba nalo, inazipiga pedi na kuzisukuma nyuma. Ukibadilisha masta silinda mara kumi hutamgusa mgonjwa.

Tukaliinua gari, tukaliweka juu ya stendi, nikalishika tairi la kulia kwa juu na chini, nikalitikisa. Tk. Sauti ndogo, unaihisi viganjani kabla ya kuisikia. Lakini mchezo huo, yaani ulegevu, unaweza pia kutoka kwenye boljointi, kiungo kinachoshikilia tairi kwenye miguu ya gari, na mafundi wengi hubadilisha kimoja wakati kibovu ni kingine. Kuvitofautisha ni kazi ya dakika moja: mwambie mtu akanyage breki na aishikilie, kisha tikisa tena. Breki ikishika, diski na kalipa zinakuwa kitu kimoja, beringi haina pa kuchezea. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, angalia boljointi na miguu ya gari. Wetu ulipotea.

Nilipoifungua nikakuta ukingo wa nje wa beringi una vidonda vinne vinavyong'aa, alama za patasi. Ilikuwa mpya, haijatimiza miezi minne, lakini kwenye gereji moja huko bara iliingizwa kwa nyundo badala ya kukandamizwa kwa mashine. Pigo la nyundo likipitia kwenye gololi linaacha alama kwenye njia yake. Niliipaka mafuta, nikaizungusha kwa kidole karibu na sikio. Ilikuwa inakwaruza kama mchele kwenye ungo.

Yale maradhi mengine nitayapitia haraka. Pedali inayozama taratibu chini ya mguu uliotulia, na hakuna mafuta yanayovuja nje: hapo ndipo masta silinda inapostahili kulaumiwa, sili zake za ndani zinapitisha. Pedali ngumu na gari halisimami: ama pedi zimezidiwa na moto, ama busta, kifaa kinachousaidia mguu kwa vakyumu ya injini, imekosa vakyumu hiyo. Zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, shikilia, washa; kama busta ni nzima pedali itashuka kidogo. Usukani unaotetemeka ukishika breki, watu husema diski imepinda, lakini mara nyingi ni masalia ya pedi yaliyogandia sehemu moja, khasa kwa dereva anayesimama na kuendelea kukanyaga pedali wakati diski bado ni za moto.

Tairi linalobaki limeshikwa baada ya kuachia pedali linataka uangalifu zaidi, kwa sababu hapa kwetu hewa ya bahari inazila pini za kalipa na watu wanazilaumu bila ya kupima. Fungua nipeli ya kutolea upepo. Tairi likiachia, kulikuwa na presha iliyonaswa, na mara nyingi ni mpira wa breki uliooza kwa ndani na kuwa kama mlango wa upande mmoja, ingawa nje unaonekana mzuri. Lisipoachia, kutu ndiyo yenye kesi: pini au pistoni imeganda.

Beringi mpya tuliiingiza kwa mashine, na nati tukaikaza kwa spana ya kipimo. Alhamisi tukarudi maweni. Mara sita kwenye kipande kile cha mawe, mara sita kwenye ile kona, na mimi macho yangu mguuni kwake. Ulikwenda mara moja, ukashika. Mara ya nne ukataka kurudia kwa mazoea, ukasita juu ya pedali, ukatulia.

Upande wa kushoto nao niliupima kwa saa ya kupimia mchezo. Una mchezo mdogo sana, bado unavumilika. Beringi yake nimeshainunua iko kabatini, na msoma ramani ameahidi kuandika kwenye daftari kila mahali pedali inapobadilika, na njia ya hapo ilikuwaje.