CADASIL: ugonjwa wa mishipa unaoukausha ubongo taratibu

Kuna koo ambazo majirani husema, "kwao kuna kiharusi." Baba alianguka akiwa na miaka hamsini, shangazi vilevile, sasa ni zamu ya kaka. Mara nyingi chanzo ni shinikizo la damu, ambalo nalo hutembea ndani ya ukoo. Mara chache, kinachorithiwa ni ubovu wa mishipa ya damu yenyewe, na ugonjwa unaojulikana zaidi wa aina hiyo ni CADASIL, kifupisho cha jina refu kiasi kwamba hata madaktari hawajisumbui kulitamka lote.

Hitilafu iko kwenye jeni ya NOTCH3, katika kromosomu ya 19, iliyotambuliwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1996. Protini yake hukaa kwenye misuli laini ya kuta za ateri ndogo. Ikiwa na kasoro, hujirundika ukutani, misuli hufa, mshipa hukakamaa. Nakala moja mbovu, ya baba au ya mama, inatosha. Kila mtoto yuko nusu kwa nusu.

Mshipa wenye afya hujibana na kujitanua kadiri ubongo unavyohitaji damu. Uliokakamaa hauwezi. Hapa wengi hukosea: wakisikia kiharusi hudhani lazima pawe na donge la damu lililoziba njia. Katika CADASIL, njia yenyewe imekuwa nyembamba na ngumu.

Kwa nini basi sehemu nyeupe ya ubongo ndiyo inayoumia zaidi? Hiyo ni ile iliyo chini ya tabaka la kijivu: nyuzi zinazounganisha seli, zikiwa zimevikwa mielini yenye mafuta, ndiyo maana ni nyeupe. Hata kwa mtu mwenye afya, hupata damu kidogo kuliko ile ya kijivu, tena kupitia ateri ndefu na nyembamba zisizo na njia za akiba. Ni shamba la mwisho kwenye mfereji: maji yakipungua, wa juu bado wanamwagilia, wa mwisho anaambulia tope.

Vipimo vimeonyesha kweli kwamba mtiririko wa damu huko hupungua. Wataalamu bado wanabishana kama upungufu huo ndio unaoua nyuzi, au nyuzi zikishakufa ndipo ubongo unahitaji damu kidogo. Mimi naona yote mawili yanaweza kwenda pamoja.

Kwenye picha ya MRI uharibifu huonekana kama madoa yanayong'aa, mara nyingi miaka mingi kabla ya kiharusi cha kwanza. Mgonjwa mwenyewe huenda akaanza na kipandauso chenye kuona mimweko, akiwa na miaka ya thelathini. Viharusi vidogo hufuata, kisha fikra huwa nzito, kupanga mambo kukawa kazi kabla hata kumbukumbu haijaguswa sana.

Dawa ya kuiponya haipo. Kinachofanyika ni kudhibiti shinikizo na kuacha sigara, kwani kwa wenye jeni hii mvutaji huwahi kupata kiharusi kuliko asiyevuta.