Miaka 12 haigeuzi hatimiliki yenyewe

Karibu kila juma kuna mtu anayeingia ofisini kwangu hapa Malindi, akavuta kiti na kuniambia, "Wakili, sisi tuko pale zaidi ya miaka 12, kwa hivyo kisheria shamba ni letu." Anatoka Ganda, au Msabaha, au Muyeye. Mara nyingi amekuja kwa sababu ameshapata barua ya kumtaka ahame, au ameamka akamkuta msoroveya, yaani mpima ardhi, anapigilia bikoni za kuonyesha mpaka karibu na choo chake. Nimeyasikia maneno hayo kwa wazee, kwa vijana wenye digrii, hata kwa mzee wa kijiji ambaye watu wanamtegemea kwa ushauri. Yana ukweli kidogo ndani yake, na huo ukweli kidogo ndio unaowaponza watu.

Sheria inayohusika ni ile ya ukomo wa mashauri, Sura ya 22 ya sheria za Kenya. Inamwambia mwenye hatimiliki kwamba akimwacha mtu akae kwenye ardhi yake miaka 12 bila kwenda kortini, hana tena nafasi ya kumfungulia kesi ya kumtoa. Kisha kifungu cha 38 kinampa yule aliyekaa haki ya kwenda kortini kuomba aandikishwe kuwa mwenye ardhi. Kuomba! Hati haibadiliki jina yenyewe usiku mmoja mwaka wa 13 ukiingia. Mpaka Mahakama ya Mazingira na Ardhi iamue, na amri yake imfikie msajili, rejista inabaki na jina la mwenye hati yule yule. Anaweza kuuza na anaweza kuchukulia mkopo benki. Ni kweli kwamba mnunuzi hununua na haki yako ikiwa juu ya ardhi ile, lakini utaithibitishia wapi kama hujakanyaga korti?

Tena si kukaa kokote. Kunatakiwa kuwe kwa wazi, bila kukatizwa, bila kutumia nguvu na bila ruhusa ya mwenye ardhi. Hapo kwenye ruhusa ndipo sisi watu wa pwani tunapoanguka.

Sababu yake ni ya zamani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwenye ukanda wa pwani, kila mwenye madai ayapeleke yaandikishwe. Waliojua njia za ofisini wakapata hati, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Ndiyo maana leo utamkuta Mgiriama kwenye shamba alilolima babu yake, na hati iko kwa jina la mtu anayekaa Mombasa au Arabuni. Watu wakaishi kwa maelewano. Huyu anaachiwa alime, alinde minazi ya mwenye shamba. Yule minazi ni yake na ardhi ni ya mwingine. Mjini watu wakajenga nyumba zao kwenye ardhi isiyo yao, wakawa wanalipa kodi ya ardhi kila mwaka, na mpaka leo nyumba bila ardhi zimejaa. Maelewano yote hayo, mbele ya jaji, ni ruhusa.

Kuna mzee aliniwekea mezani mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na risiti za kodi ya ardhi zimekunjwa nne nne, nyingine zimeliwa na mende pembeni, kila moja na sahihi ya msimamizi wa mwenye shamba. Akaniambia, "Mwanangu, soma mwenyewe, sijakosa hata mwaka." Alizitunza kwa imani kwamba ndizo zitakazompa ile ploti. Kumbe kila risiti ilikuwa inasema kwamba anamtambua mwenzake kuwa ndiye mwenye ardhi. Ikabidi nimwambie, "Baba, kesi ya miaka 12 hapa hatuna. Tunayo nyingine." Maana risiti zilezile zinamfanya kuwa mpangaji halali wa ardhi ambaye nyumba ni yake, na mtu kama huyo haondolewi kama mwizi.

Wengine hawana risiti ila wanajivunia historia. "Babu yetu alikaribishwa na mwenye shamba, wala hatukuvamia." Naelewa kwa nini wanasema hivyo, hakuna anayependa kuitwa mvamizi kwenye shamba alilozikiwa mama yake. Lakini ukiyaandika hayo kwenye hati ya kiapo, umeiangusha kesi yako kwa mkono wako. Sisemi udanganye, kiapo ni kiapo. Nasema ujue kesi yako ni ipi kabla hujaifungua, kwa sababu wapo waliouza mbuzi na ng'ombe kugharamia kesi ambayo tangu mwanzo haikuwa yao.

Na kama ardhi ni ya serikali, hata ukae miaka 50 hesabu hii haikuhusu. Kifungu cha 41 cha sheria ile ile kimeitoa ardhi ya serikali. Njia yako ni kugawiwa, kupitia mpango wa makazi au Tume ya Taifa ya Ardhi. Kwa hivyo neno langu la kwanza kwa kila anayeingia ni moja: fanya sachi. Nenda ofisi ya ardhi na namba ya ploti, ujue jina lililo kwenye rejista. Nimechoka kuona watu wamechangishana pesa za wakili kabla hawajajua wanashindana na nani. Dondoo ya rejista iliyothibitishwa utaihitaji hata hivyo, maana ombi lako lazima liambatane nayo.

Upande wa pili, kuna watu wenye haki kamili wanaokata tamaa bure. Barua ya wakili ya kukutaka uhame haikatizi miaka yako. Shamba kuuzwa kwa mtu mwingine hakurudishi hesabu mwanzo. Kinachokatiza ni mwenye ardhi kwenda kortini, au kuingia na kuitwaa ardhi yake kweli kweli. Wanaosema Katiba ya 2010 ilifuta haki hii kwa kulinda mali ya mtu wamekosea pia. Hoja hiyo ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Rufaa hapa hapa Malindi, ikakataliwa mwaka 2015. Na ukiwa umeshtakiwa wewe, unaweza kuidai haki yako ndani ya utetezi, si lazima uwe ndiye uliyeanza.

Ila uje na ushahidi. Picha za makaburi, kadi za kliniki za watoto, jirani mtu mzima atakayesimama kizimbani. Miti pia husema. Mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, na korti inaweza kuja kuangalia ulichopanda.

Mengine nayapitia haraka.

Mwenye hati hawezi kuja na tingatinga siku anayotaka. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 152E, inamtaka atoe notisi ya maandishi ya miezi 3, itangazwe magazetini kama wanaoondolewa ni kundi kubwa, na nakala ipelekwe kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa polisi. Ukipewa notisi hiyo, nenda kortini ndani ya miezi hiyo 3. Msingoje mpaka siku ya 90 ndipo mnipigie simu.

Ukinunua ardhi, muhuri wa chifu kwenye makubaliano haukupi ardhi hiyo. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, inayoombwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, la sivyo mauzo ni batili. Na kama ni nyumba au shamba la familia, mke au mume wa muuzaji lazima akubali.

Mtu akikudai pesa au ukimdai, hiyo si kazi ya polisi. Peleka Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Kesi za kugombea ardhi haizipokei.

Dhamana ya polisi ya kutia sahihi hailipiwi hata senti. Ukiombwa pesa taslimu, dai risiti, maana pesa hizo hurudishwa. Ukikamatwa unatakiwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au zikiisha wakati korti imefungwa, siku ya korti inayofuata.

Kadhi huamua ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu waliokubali kwenda kwake. Ugomvi wa mpaka na jirani, hata kama nyote mnaswali msikiti mmoja, haumhusu. Wala usikimbilie kwa jaji, maana korti haitausikiliza kabla msajili wa ardhi hajaamua mpaka uko wapi. Mwandikie msajili, taja namba za ploti zote mbili, naye atapanga siku ya kuja na msoroveya. Siku hiyo uwepo mwenyewe, na uwe na mtu anayekumbuka bikoni za zamani zilikuwa wapi.