O'Brien hakuteremshwa cheo: dhana potofu kuhusu vyeo vya Star Trek

Nimefundisha vyeo vya jeshi la wanamaji kwa miaka mingi, na katika kila kundi hutokea mwanafunzi anayenihakikishia kwamba Miles O'Brien, mhusika aliye fundi wa chombo cha angani katika tamthilia ya Star Trek, alikuwa ofisa aliyeteremshwa cheo. Nimelisikia tena wiki iliyopita, nikaona afadhali nilijibu kwa maandishi.

Chanzo cha dhana hiyo kinaeleweka. Katika msimu wa pili wa The Next Generation, mojawapo ya mifululizo ya Star Trek, kola ya O'Brien ina vitone viwili vya dhahabu, alama ya Luteni, na Riker, ofisa wa pili kwa uongozi melini, anamwita Luteni. Mwaka 1990 baba mlezi wa Worf, ofisa mwingine wa meli hiyo, anamtambua O'Brien kuwa chifu mwenzake, yaani askari mwandamizi asiye na kamisheni (hati inayomfanya mtu kuwa ofisa). Baadaye kola inabaki na kitone kimoja kisicho na dhahabu, na katika Deep Space Nine, mfululizo uliofuata, hatimaye anapewa alama ya uchifu iliyo yake hasa. Hata hivyo, hakuna kipindi kinachotaja kosa, mashtaka wala adhabu. Mhusika huyu alianza mwaka 1987 bila hata jina, nafasi yake ikapanuka kadiri Colm Meaney alivyozidi kuitwa kuigiza, na cheo chake kikaamuliwa wakati tayari alikwisha kuvishwa sare ya ofisa. Kosa hilo la alama ni la watengenezaji, wala halimo katika maisha ya mhusika.

Kinachoniudhi zaidi ni fikra iliyojificha nyuma ya dhana hii, kwamba chifu ni ofisa aliyeshindwa. Jeshini kuna ngazi mbili, ya wenye kamisheni na ya wasio nayo, na aliyefika juu ya ngazi ya pili amefika huko kwa miaka ya kazi na ujuzi. Ofisa aliyetoka chuoni jana hupigiwa saluti na chifu, na ndivyo sheria inavyotaka, lakini ofisa mwenye busara humwuliza chifu kabla ya kugusa mtambo. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wangu wote: kabla ya kuhesabu alama za mtu, tambueni kwanza yuko kwenye ngazi ipi.

Wengine hudai kwamba Picard, mkuu wa meli katika The Next Generation, kwa kuwa ni Kapteni, yuko chini ya Meja yeyote. Huko ni kupima meli kwa kipimo cha nchi kavu, kwa sababu Star Trek inafuata vyeo vya wanamaji, na Kapteni wa wanamaji ni sawa na Kanali. Vilevile Data, ofisa mwingine wa Picard, kuitwa Kamanda hakumfanyi awe sawa na Riker, aliye Kamanda kamili. Yeye ni Luteni Kamanda, na cheo hicho hufupishwa katika mazungumzo kama vile Luteni Kanali anavyoitwa Kanali. Naye Dax wa Deep Space Nine, aliye Luteni Kamanda, anaitwa Kapteni anapoongoza meli ya Defiant kwa sababu anayeiongoza meli huitwa hivyo bila kujali cheo chake. Anayemfafanulia kadeti Nog desturi hiyo ni O'Brien mwenyewe, na hiyo hasa ndiyo kazi ya chifu.

Sisemi kwamba tamthilia haina makosa. Katika mfululizo wa kwanza, kumbukumbu za mahakama ya kijeshi zinamtaja Spock, ofisa wa pili kwa uongozi melini, kuwa Luteni Kamanda, ilhali mikono ya shati lake ina mistari miwili kamili ya Kamanda. Katika mfululizo wa Voyager, ofisa Tuvok alianza akiitwa Luteni huku kola yake ikionyesha alama ya Luteni Kamanda. Alama hiyo ilirekebishwa baadaye, na mwaka 1997 akapandishwa kufikia cheo ambacho alikwisha kukivaa mwanzoni.