Stempu za zemstvo ni nini?

Stempu ya zemstvo ni stempu ya posta iliyotolewa na wilaya moja ya Urusi ya Kaizari, nayo ilikubalika ndani ya wilaya hiyo tu. Ukiibandika kwenye barua ya wilaya ya jirani, ilikuwa karatasi tupu.

Zemstvo zenyewe zilikuwa mabaraza ya kuchaguliwa, yaliyoanzishwa mwaka 1864 na Kaizari Alexander II, miaka mitatu baada ya kuwaachia huru wakulima waliokuwa mali ya mabwana. Kazi zao zilikuwa barabara, shule, zahanati na mambo mengine ya namna hiyo. Posta haikuwa ya kwao. Lakini posta ya serikali, iliyokuwa na stempu zake tangu 1857, ilihudumia miji na vituo vya njia kuu, na kijiji kilichokuwa mbali na hapo kilijitafutia njia. Ndipo baadhi ya wilaya zikaweka farasi na matarishi wao. Shlisselburg, karibu na St Petersburg, ilikuwa miongoni mwa za kwanza, mwaka 1865. Serikali ilizipa ruhusa rasmi mwaka 1870, kwa masharti: wasiingilie njia za posta kuu, na stempu zao zisifanane na za serikali.

Sharti hilo la pili ndilo lililowafurahisha wakusanyaji. Zaidi ya wilaya 160 zilitoa stempu, na kila moja ilichora ilivyotaka: nembo za miji, wanyama, maumbo ya mviringo na ya almasi. Nyingine zilichapwa kwa ustadi katika kiwanda cha serikali huko St Petersburg, nyingine kwa mashine duni za mjini kwao. Hazikuwa za Warusi peke yao: Poltava iko Ukraine ya leo, na Orgeyev iko Moldova. Wenden, yaani Cēsis ya Latvia, huwekwa kando, kwani posta yake ya wilaya ilitangulia zemstvo.

Kwa maoni yangu, stempu safi isiyotumika ndiyo yenye habari kidogo kuliko zote. Tafuta bahasha. Barua ya kutoka kijijini kwenda Moscow ilihitaji malipo mara mbili: stempu ya zemstvo hadi ofisi ya posta ya mjini, kisha ya serikali kwa safari iliyobaki. Zote mbili zikiwa pamoja na mihuri yake, unaona mahali hasa ambapo tarishi wa wilaya alimkabidhi mwenzake wa serikali. Kuna pia bahasha zisizo na stempu ya zemstvo kabisa, kwa sababu wilaya nyingine zilibeba barua bure, zikigharimia kazi hiyo kwa kodi.

Bolsheviki walizivunja zemstvo baada ya mapinduzi ya 1917, na posta zake zikaenda nazo. Za kughushi zipo nyingi, hivyo stempu adimu ya bei ya kutupa ionyeshe kwanza kwa mjuzi.