Je, wajua? Mafuta ya pilipili hayana hata mbegu moja, mbona yanawasha?

Dondosha tone moja la mafuta mekundu ya pilipili juu ya mhogo wa kukaanga, kisha iinue chupa uitazame kwenye mwanga. Hamna mbegu wala ganda. Yamechujwa yakabaki maangavu kama chai ya rangi, lakini ulimi unawaka vile vile. Ukali umefikaje mle?

Jibu linaanzia ndani ya pilipili yenyewe, mahali nilipopakosea kwa miaka mingi. Niliamini kwamba ukali umo kwenye mbegu. Ndivyo nilivyosikia jikoni kwetu Unguja tangu utotoni: "Zitoe mbegu, watoto wasije wakawashwa." Basi mara ya kwanza nilipotengeneza mafuta haya nyumbani, nilinunua pilipili mbuzi Darajani, nikazipasua, nikaukwangua ule utando mweupe wa katikati na kuutupa kwa kuona hauna kazi. Mbegu nikazihifadhi zote, hata moja isinipotee. Mafuta yalitoka na harufu tamu ya pilipili, lakini ukali wake ulikuwa hafifu mno.

Nilikuwa nimetupa kile nilichokuwa nakitafuta. Utando ule ni kondo la tunda: mbegu zimejishikiza hapo zikipata chakula, mfano wa mtoto tumboni. Na hapo ndipo penye vijifuko vidogo sana vinavyotengeneza kapsaisini, dutu inayowasha. Mbegu hazitengenezi kitu hicho. Zinawasha kwa sababu ya ujirani tu, maana zimelala juu ya utando, na kisu kinapopita vijifuko hupasuka na kuzipaka.

Kwa nini basi dhana ya mbegu imedumu hivi? Kwa sababu ukiifuata, inafanya kazi. Anayekwangua mbegu kwa kijiko huondoka na utando pia. Mchuzi unapoa, na mbegu ndizo zinazolaumiwa. Ushahidi mwingine tunao sufuriani kila siku. Ile pilipili nzima inayoelea kwenye mchuzi wa nazi hutoa harufu bila kuwasha, na mpishi huonya isipasuliwe. Ganda lake limeufunika utando. Ikipasuka tu, tui lote limeshika moto. Niongeze tahadhari moja: katika baadhi ya aina zilizo kali kupindukia, vijifuko hivyo huonekana hata kwenye nyama ya ganda, kwa hiyo kuondoa utando hakutoshi kuzipoza.

(Na tuelewane kwa majina. Huku visiwani ukiomba pilipili hoho unaweza kupewa kali, na ile kubwa isiyowasha ni pilipili boga. Bara hoho ndiyo hiyo isiyowasha. Mapishi mengi yameharibika katikati ya majina haya mawili.)

Sasa mafuta. Chumvi ukiitia kwenye maji hupotea. Ukiitia kwenye mafuta hukaa chini kama mchanga. Kapsaisini ni kinyume chake. Ukitaka mfano wa karibu, mtazame fundi wa mashua aliyepakwa lami mkononi. Hanawi kwa maji, maana maji yatapita juu ya lami na kuiacha pale pale. Huifuta kwa mafuta ya taa, na lami huachia, kwa sababu lami na mafuta ya taa ni vitu vya jamii moja. Molekuli ya kapsaisini ina kichwa kidogo na mkia mrefu, na mkia huo umeumbwa kama mafuta. Ndani ya maji haupati wa kushikana naye; ndani ya mafuta uko kwao. Hata Wilbur Scoville, mfamasia Mmarekani aliyebuni kipimo cha ukali mwaka 1912, aliloweka pilipili kwenye alkoholi ili aupate ukali wake, ndipo akauzimua kwa maji ya sukari hadi waonjaji wasiusikie tena.

Kinachonivutia zaidi kiko Pemba. Yujino, kiini cha mafuta ya karafuu, ina kichwa kinachofanana sana na cha kapsaisini. Ndiyo maana karafuu ukiitafuna nayo hupasha ulimi moto kabla ya kuutia ganzi. Tofauti iko mkiani. Mkia wa yujino ni mfupi, hivyo ni nyepesi na hupanda pamoja na mvuke. Makonyo, yaani vile vijiti vinavyoshika karafuu, huchemshwa, mvuke ukapozwa, mafuta yakakingwa. Kapsaisini, kwa mkia wake mrefu, ni nzito, haitoki hivyo kwa mvuke, na haina hata harufu. Harufu ya pilipili unayoisikia inatoka kwa vitu vingine kabisa. Kwa hiyo karafuu tunaikamua kwa mvuke, na pilipili tunailoweka kwenye mafuta. Rangi nyekundu nayo hupenda mafuta, ikahama pamoja na ukali.

Mtu aliyewashwa akinywa maji anausambaza moto mdomoni. Maziwa husaidia, na nilidhani ni kwa mafuta yake tu. Lakini maziwa yaliyoondolewa mafuta nayo hutuliza vizuri yakilinganishwa na yale yenye mafuta, kwa hiyo huenda protini yake, kaseini, ina mkono mkubwa katika kazi hiyo.

Kutengeneza si kazi ndefu. Tumia pilipili zilizokaushwa kabisa, ambazo ukizitikisa mbegu zinalia ndani. Zivunje pamoja na utando wake. Pasha mafuta kwa moto mdogo, utie mbegu moja: ikichezacheza na povu dogo, yako sawa, ikiungua papo hapo, epua yapoe. Tia pilipili, ziache dakika chache, epua kabla hazijawa nyeusi, kwa sababu zikiungua mafuta huwa machungu na moshi wake hukohoza nyumba nzima. Ziache humo mpaka mafuta yapoe, kisha chuja kwenye chupa kavu.

Nasisitiza ukavu kwa sababu nzito. Mafuta huzuia hewa, na wengi wetu hudhani kwamba kwa hivyo huhifadhi kila kitu. Wapo bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua, ambao hustawi pasipo hewa, mradi pana unyevu na pasiwe na uchachu. Pilipili mbichi au kitunguu thomu kilichozamishwa kwenye mafuta kikaachwa juu ya kabati huwapa yote hayo, na sumu yao haibadilishi harufu wala ladha. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kutokana na kitunguu thomu kilichohifadhiwa kwenye mafuta bila ubaridi. Uchachu ndio unaoilinda achari yetu ya ndimu. Mafuta hayana uchachu huo. Ukipenda kutumia pilipili mbichi au thomu, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, na kitakachobaki baada ya siku nne kimwage.

Na mikono iliyokata pilipili, ipake kwanza mafuta ya kupikia, uisugue vizuri mpaka chini ya kucha, ndipo unawe kwa sabuni. Jicho usiliguse kabla ya hapo.