Hiyo "Herself" Si Pambo, Iacheni Mahali Pake

Imerudi tena kwangu tafsiri ambayo mtu ameikata "herself" kwa kalamu nyekundu katika sentensi ya "She cried herself to sleep", na pembeni ameandika kuwa neno halina kazi kwa sababu "she" ameshatajwa. Maelezo haya nayasikia kwa wanafunzi, nayasikia kwa walimu wao, na sasa nayasikia kwa watu wanaolipwa kutafsiri. Eti "herself" ni "mwenyewe", ya kutilia mkazo tu, ukiiondoa hapaharibiki kitu.

Haya, iondoe. Unabaki na "She cried to sleep". Mwingereza akiisoma atakwama, au atadhani unasema alilia ili apate kulala. Sasa irudishe, halafu ondoa "to sleep": "She cried herself". Hiyo nayo si sentensi ya Kiingereza. "Cry" ni kitenzi sielekezi. Hakibebi yambwa (mtendwa) ya mtu hivi hivi. Kwa hiyo "herself" haikuletwa na "cry". Imeletwa na "to sleep". Hayo mawili yameingia pamoja na yatatoka pamoja, na ukiyatazama peke yake yana habari kamili ndani yake: yeye, kutoka macho hadi usingizini. "Cried" inaeleza tu kilichomfikisha huko.

Kiswahili tunaisema kwa vitenzi viwili: "Alilia hadi usingizi ukamchukua." Hebu itazameni hiyo "-m-" iliyo katikati ya "ukamchukua". Nani aliyechukuliwa? Ni yule yule aliyelia. Hakuna mhariri hata mmoja aliyewahi kuniambia niikate "-m-" hiyo kwa kuwa mtendaji ameshatajwa mwanzoni. Basi "herself" ndiyo "-m-" yao.

Kama bado una shaka, tumia masikio. Katika "She baked the bread herself", sauti inatua kwa nguvu kwenye "self", na unaweza kulihamisha neno ukasema "She herself baked the bread". Hiyo ndiyo "mwenyewe". Katika "She cried herself to sleep" sauti inaipita "herself" juu juu na kutua kwenye "sleep". Yanaandikwa sawa, lakini kazi zao ni mbali kabisa.

Sababu yenyewe inajulikana tangu mwanaisimu Jane Simpson alipoieleza mwaka 1983. Neno la matokeo katika Kiingereza humsema yambwa, halimsemi kiima. "She wiped the table clean": kilichokuwa safi ni meza. Ukitaka matokeo yamwangukie mtendaji, na kitenzi chako hakina yambwa, inabidi umtengenezee nafasi ya yambwa umweke yeye mwenyewe humo. Ndiyo maana wanasema "He shouted himself hoarse", yaani alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, na "He shouted hoarse" haisemeki. Ila "The lake froze solid" haihitaji "itself", kwa sababu ziwa halitendi kitu hapo. Ni kiima kwa umbo tu, kwa maana linatendeka tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye linaloniudhi zaidi, kwa kuwa limo hata katika vitabu vya kufundishia. Wanasema kiwakilishi rejeshi ("herself", "himself" na wenzao) kinaonyesha mtu alijifanyia jambo, na kwa hiyo alikusudia. Hapana! "He drank himself to death" haisemi kwamba mtu yule alitaka kufa. Inasema alikunywa, na ulevi ukamuua. "She worked herself into an early grave" haina kusudi la kifo, ina kazi nyingi tu. "He talked himself out of a job" ni mtu aliyeponzwa na mdomo wake, na pengine alikuwa akiitaka kazi hiyo kuliko wenzake wote. Mtafsiri anayeandika "alijiua kwa pombe" amemtia marehemu kosa ambalo sentensi haikumtia. Familia yake ikisoma hivyo ina haki ya kukasirika.

Lakini imani hiyo ina chanzo chake, na si haki kuificha. Linganisha "He starved to death" na "He starved himself to death". Wa kwanza alikufa njaa, chakula hakikuwapo. Wa pili alikataa kula. Hapo kweli "himself" imeleta mkono wa mtu mwenyewe. Tofauti iko kwenye kitenzi. "Starve" ina sura mbili, ya kufa njaa na ya kumnyima mwingine chakula, na "himself" inalazimisha sura ya pili, ambayo yambwa yake ni halali. "Drink" haina sura ya kumnywesha mtu. Usichukue sheria ya "starve" ukaibandika kwenye "drink".

Kuna na suala la muda. Wanaisimu Malka Rappaport Hovav na Beth Levin walionyesha mwaka 2001 kwamba bila kiwakilishi rejeshi matukio mawili, tendo na matokeo yake, sharti yaende sambamba, na kikiwepo si lazima. "She danced out of the room": kila hatua ya dansi ni hatua ya kutoka, kwa hiyo "herself" haihitajiki. Ila mlevi wetu anaweza kunywa miaka mingi na kufa siku ambayo hakugusa glasi, na sentensi ya "drank himself to death" bado ni kweli. Naona haya ni maelezo bora kuliko yote tuliyo nayo, na bado yana tundu. "He wriggled free" na "He wriggled himself free" zote mbili zinasemwa, na zote mtu amejinyonganyonga akachomoka. Wapo wanaosikia juhudi zaidi katika ile ya pili. Mimi pia naisikia, lakini singemkata mwanafunzi alama kwa hilo.

Vitenzi vyenye yambwa halisi havisumbui. "He dragged himself to the door" ni alijikokota hadi mlangoni. "Threw himself down" ni alijibwaga. "Picked himself up" ni alijizoazoa. "Pull yourself together" ni jikaze. Hapo "ji" yetu inaitikia vizuri. Kumbuka tu kwamba kiwakilishi hutangulia kielezi: "picked himself up", si "picked up himself". Halafu kuna "Let yourself in", yaani fungua uingie mwenyewe, na "See yourself out", utatoka mwenyewe. Nashuku "mwenyewe" ya watu ilizaliwa hapa, ikasambaa kwingine isikostahili.

Kwa vitenzi sielekezi, "ji" inakupeleka pabaya. "Alijililia" ni mtu aliyeililia hali yake. Hapana usingizi humo. Tumia "hadi" au "mpaka" na kitenzi cha pili.

Ila liko kundi moja la vitenzi vya mwendo ambalo Kiswahili kinalijua tangu zamani. Kiingereza cha kale kilimweka mwendaji baada ya kitenzi cha kwenda, bila "self": katika Beowulf, utenzi wa enzi hizo, imo "Gewat him þa to waroðe", akaenda zake pwani. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "Get thee hence, Satan" katika Mathayo 4:10, na ya Kiswahili inasema "Nenda zako, Shetani". Hiyo "zako" haimiliki kitu chochote. Inamrudisha mwendaji kwenye mwendo wake na kumtenga na anayeachwa nyuma. Ndivyo ilivyo pia "akajiendea zake", "amejikalia", "amejilalia", ambapo "ji" imeungana na kauli ya kutendea na hakuna anayejitenda lolote. Kwa hiyo ukikutana na "He took himself off", usiandike "alijichukua". Andika "akajiondokea zake". Na "Sit yourself down", inayotoka kwenye "Sit thee down" ya zamani, si "jikalishe". Akiambiwa mgeni aliyechoka, ni "jikalie".