"Wizara haijalipa" si sababu ya wewe kukaa bila mshahara

Jumatatu, tarehe 13 Aprili, alikuja ofisini mama mmoja anayefanya usafi kwenye jengo la serikali hapa Dodoma, kaajiriwa na kampuni yenye tenda. Akanipa simu nisome meseji ya supavaiza wake: "Vumilieni, wizara bado haijaingiza hela." Ilikuwa ya mwisho wa Machi. Akapandisha juu, kuna nyingine ya Februari. Akapandisha tena, ya Januari, maneno yale yale. Nilipomuuliza amechukua hatua gani, akanishangaa. "Sasa mwanangu, kama wao hawajalipwa, mimi watanilipa na nini?"

Kauli hiyo imenichosha. Walinzi wanayo, wafagiaji wanayo, wapishi wa mabweni wanayo, na wote huitoa kwa upole kana kwamba wao ndio mawakili wa mwajiri.

Hapo kuna mikataba miwili. Mmoja ni wa kampuni na wizara, uliopatikana kwa zabuni, na humo ndimo zilimo ankara, saini za kuhakiki kazi na ucheleweshaji wote. Mwingine ni wako na kampuni. Kwenye huu wa pili wizara haimo hata kwa mstari mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akulipe siku mliyokubaliana, na akupe maelezo ya maandishi yanayoonyesha malipo na makato. Haisemi "mteja wake atakapomlipa". Aliyeomba tenda alijua fika kwamba serikali hulipa baada ya kazi kufanyika. Kama mfuko wake haubebi mishahara ya miezi miwili, alikosea hesabu za zabuni, na hasara ya kukosea huko haimhusu mwenye fagio.

Uvumilivu wenyewe ningeuacha, ila kalenda haivumilii. Dai la mshahara linatakiwa lifike CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu. Mshahara wa Januari wa yule mama ulitakiwa kulipwa tarehe 31, kwa hiyo siku 60 ziliisha Aprili mosi. Amechelewa siku 12. Tukajaza Fomu Namba 1 ya madai, na kwa ajili ya hiyo Januari tukaongeza Fomu Namba 2, ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, ambayo inataka ueleze kilichokuchelewesha. "Nilikuwa navumilia" ni sababu dhaifu sana mbele ya msuluhishi. Laiti angekuja wiki mbili kabla!

Na usiipeleke wizara CMA, si mwajiri wako. Andika jina la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba. Huna mkataba wa maandishi? Nalo hilo watu hudhani limewamaliza. Kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na asipoweza kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Wewe leta picha za ratiba ya lindo, kitambulisho na hizo hizo meseji za "vumilieni". Supavaiza hajui kwamba kila akituma anakuandikia ushahidi.

Kuna hili la laki tano. Mei Mosi 2025, Rais alipotangaza Singida kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, nilipigiwa simu na walinzi wakidai nyongeza. Kusimama kwenye geti la wizara hakukufanyi mtumishi wa umma. Kampuni inafuata amri ya mishahara ya sekta binafsi, ambayo kila sekta ina kiwango chake, na iliyopo sasa inatumika tangu Januari 1, 2026. Ila ukisaini chini ya kiwango hicho, saini yako haihalalishi malipo hayo.

Kwa sababu hiyo hiyo mfuko wako wa hifadhi ya jamii ni NSSF, wa sekta binafsi, si PSSSF wa watumishi wa umma. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwako isikatwe zaidi ya 10. Ukiona kwenye slipu umekatwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, uliza kwa sauti, maana huo ni mzigo wa mwajiri peke yake. Nami nang'ang'ana na jambo moja mpaka watu wananicheka: kagua michango yako ya NSSF kila baada ya miezi mitatu. Makato kuonekana kwenye slipu hakuthibitishi kwamba yamefika.

"Kazi ya ulinzi ni saa 12, ndivyo ilivyo." Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Saa 12 kwa siku sita ni 72, yaani 27 za ziada kila wiki, 108 kwa wiki nne. Sheria inaruhusu 50, nazo zilipwe mara moja na nusu.

Kompyuta ikiibiwa usiku, lindo zima hukatwa. Hapana. Lazima kosa liwe lako, uelezwe kwa maandishi hasara na hesabu yake, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yako.

Tenda ikihamia kampuni mpya, wengi hubaki na sare mpya wakiamini miaka yao imehama nao kwa kuwa jengo ni lile lile. Kampuni mpya inakuhesabu kuanzia siku iliyokuajiri. Likizo uliyobakiza, notisi, kiinua mgongo kama unastahili na cheti cha utumishi vinadaiwa kwa ile ya zamani, nazo zile siku 30 za kupinga kuachishwa zinaanza kuhesabika tangu siku ilipokuachisha.